Upanga wangu mpya ni mwepesi, unatetema na mpini unanibana: je, nimetapeliwa?

Swali hili limetoka kwa msomaji anayeishi Leeds, Uingereza, ambaye ameomba jina lake lisitajwe:

"Shikamoo mwalimu. Tangu nikiwa mtoto Tanga nilitamani kuwa na upanga kama ule wa wapanda farasi wa Ulaya wa Zama za Kati. Mwaka huu nimenunua nakala ya upanga wa mkono mmoja wa karne ya 13, kazi ya mhunzi anayesifiwa sana. Una urefu wa sentimita 97 na uzito wa kilo 1.2, na bei yake mke wangu anasema ingetosha kununua kochi. Nilipoufungua sikuamini. Kwanza, ni mwepesi mno. Pili, ukiutikisa, chuma chake kinatetema. Tatu, mpini ni mfupi, mkono unabanwa. Nne, kisu chetu cha jikoni kina makali kuushinda. Tano, ile kinga ya mkono haikukaa sawasawa, upande mmoja umezidi mwingine kwa unywele. Je, nimetapeliwa? Na niutunze vipi usishike kutu?"

Marahaba, ndugu yangu. Kwa maelezo haya hujatapeliwa. Mambo manne ya kwanza ndiyo hasa uliyoyalipia. La tano litahitaji kupimwa, na nitakueleza namna ya kulipima.

Nianze na uzito, maana ndio unaowashangaza watu wote. Katika Makumbusho ya Uingereza, London, kuna upanga uliotolewa mto Witham, Lincolnshire, mwaka 1825. Ni wa karne ya 13, na ni maarufu kwa maandishi yake ya dhahabu ambayo hadi leo hakuna aliyeyafumbua. Urefu wake ni kama sentimita 96 na uzito wake kama kilo 1.2. Linganisha na wako. Panga nyingi za mkono mmoja za Zama za Kati zilizosalia zina uzito kati ya kilo moja na kilo moja na nusu, na hata zile ndefu za mikono miwili za karne ya 14 na 15 kwa kawaida hazifiki kilo mbili. Mtu wa vita aliuvaa upanga kiunoni kutwa, kisha akahitaji kuuchomoa na kuuzuia usimponyoke baada ya kila pigo. Hakuwa na haja ya nondo.

Ile imani kwamba upanga wa Mzungu wa kale ulikuwa na uzito wa mtoto imetoka kwingine. Kuna panga kubwa zilizotengenezwa kwa ajili ya kubebwa mbele ya mfalme kwenye maandamano, na mtu akiziona makumbusho anadhani ndizo zilizopigana. Kuna nakala za karne ya 19 zilizofuliwa kupamba kuta za majumba. Na siku hizi kuna mapambo ya chuma kisichoshika kutu yanayouzwa kwa bei poa, yenye unene uleule mwanzo hadi mwisho, ambayo hupita kilo mbili kwa urahisi. Nadhani wewe uliwahi kushika moja ya hizo, na mkono wako umeuchukua uzito ule kuwa ndio kipimo.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo huenda hukuifikiria: umekulia Tanga. Mkono uliokua ukishika panga la shamba una mazoea yake. Panga lile ni bamba jembamba, halina kitu cha kulipa uzito nyuma ya mkono, na mara nyingi hupanuka kuelekea mbele, kwa sababu kazi yake ni kuangukia kichaka kwa uzito wake lenyewe. Sime ya Kimaasai nayo hupanuka karibu na ncha kwa sababu hiyohiyo. Upanga ulionunua umejengwa kwa kanuni ya kinyume. Unapungua upana kuelekea ncha, na muhimu zaidi, unapungua unene. Chukua kaliba ya fundi upime unene wa bapa, yaani chuma chote kilicho mbele ya kinga, pale panapogusana na kinga: utapata kama milimita 5. Pima tena katikati ya safari, kisha sentimita 10 kabla ya ncha, ambapo nakala nzuri hukaribia milimita 2. Macho hayauoni upungufu huo kirahisi, lakini mkono unaujua mara moja. Gramu 10 zilizo sentimita 80 kutoka kwenye kiganja hukinza mzunguko mara nne zaidi ya gramu 10 hizohizo zikiwa sentimita 40. Kwa hiyo mhunzi anayejua kazi hunyang'anya chuma mbele kwa ubahili mkubwa. Ule mfereji uliochimbwa katikati ya bapa unafanya kazi hiyohiyo. Wako waliosema ni wa kupitishia damu. Huo ni uzushi. Unapunguza uzito huku bapa likibaki pana na gumu kupinda.

Kwa upande wa nyuma kuna kifundo, lile gurudumu la chuma mwisho wa mpini. Wauzaji hupenda kutaja namba moja tu, yaani umbali wa kitovu cha mizani kutoka kwenye kinga. Lete bapa juu ya kidole ukitafute mwenyewe, pale upanga unapotulia bila kuinamia upande. Kwa aina yako kikiangukia sentimita 10 hadi 15 mbele ya kinga ni kawaida kabisa. Lakini usiiabudu namba hiyo. Fundi mbovu akichukua bamba nene lisilopungua, akalifunga kifundo kizito kama jiwe, kitovu kitakaa palepale pazuri kwenye karatasi, na upanga utakuwa mzito ncha zote mbili na mvivu kugeuka. Mimi sinunui upanga kwa namba hiyo, na simshauri mtu.

Jaribio ninaloliamini ni hili. Shika mpini kwa vidole viwili, karibu kabisa na kinga, upanga ukining'inia ncha chini. Sogeza vidole kulia na kushoto, haraka na kwa umbali mdogo. Tazama bapa. Kuna mahali ambapo ni kama pamepigiliwa msumari hewani. Juu yake na chini yake panayumba, penyewe pametulia. Katika upanga wa kukata na kuchoma wa karne ya 13, pahali hapo panapaswa kuwa karibu na ncha. Maana yake ni kwamba mkono ukihama ghafla, ncha inabaki ikimwelekea adui. Hisia hiyo ndiyo watu huielezea kwa kusema upanga "una uhai," na nakala rahisi huikosa hata ikifanana kwa sura.

Sasa kutetema. Kwanza elewa kwamba kupinda kirahisi na ubora wa chuma ni mambo mawili. Unene na umbo ndivyo vinavyoamua bapa linapinda kwa nguvu kiasi gani. Namna chuma kilivyotiwa moto, kikazimwa na kulegezwa tena ndiyo inayoamua kama litarudi kunyooka. Nakala nzuri za leo hutengenezwa kwa chuma cha springi, ndugu wa kile ambacho wahunzi wetu hukitoa kwenye springi za magari mabovu wakafua visu na majembe. Bapa jembamba na pana la kukatia lazima litikisike kidogo. Ulisukume ncha kidogo kwenye ubao laini, lipinde, uliachie: likirudi limenyooka, kazi imekwisha. Usiige watangazaji wanaolipinda hadi nusu duara kwa goti. Hilo linaonyesha springi tu, halionyeshi upanga.

Tena kutetema kwenyewe kunakupa jaribio la pili. Shika upanga wima, ncha juu, mkono ukiwa mlegevu mpinini, kisha ugonge kifundo kwa kiganja cha mkono wa pili. Bapa litatetema lote isipokuwa sehemu moja, takriban theluthi mbili za urefu wake kutoka kwenye kinga au mbele kidogo ya hapo. Weka alama kwa kalamu. Hapo ndipo pa kukatia; pigo likitua hapo, nguvu inaingia kwenye shabaha badala ya kurudi kama mtetemo mkononi. Kuna pahali pengine patulivu upande wa nyuma, na mhunzi stadi huhakikisha panaangukia ndani ya kiganja chako. Kama ukigonga kifundo mkono unawasha, basi uliyemlipa hakufanya hesabu hiyo.

Ukitaka kuamini kwamba bapa la kutetema si aibu, kumbuka wenyeji wa Oman na jamaa zao wa pwani yetu. Ule upanga wao mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili na mpini wa duara usio na kinga, huchezwa katika razha, ngoma yao ya panga, kwa kutikiswa mpaka chuma kinameta na kutetemeka chote. Na mabapa mengi ya panga zile yalifika kwa biashara kutoka Ulaya, kisha yakavalishwa mipini ya huko. Hali kama hiyo ilitokea Misri pia: panga za Kizungu ziliingia ghala la silaha la Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati huo, huko Aleksandria, zikachorwa maandishi ya Kiarabu yenye tarehe, katika karne ya 14 na 15. Baadhi sasa ziko Toronto, kwenye makumbusho ya Royal Ontario. Tarehe hizo zimewasaidia sana watafiti wa panga za Ulaya, kwa kuwa Wazungu wenyewe hawakuwa na mazoea ya kuziandika panga zao hivyo.

Si panga zote za Ulaya zilitetema, lakini. Kadiri watu walivyozidi kuvaa mabamba ya chuma mwili mzima katika karne ya 14, kukata kulipoteza faida na kuchoma kwenye viungo vya deraya kukapata thamani. Mabapa yakawa ya pembetatu, magumu, yenye mgongo katikati kama almasi, ncha kali kama mkuki. Ewart Oakeshott, Mwingereza aliyefariki mwaka 2002, ndiye aliyezipanga panga za Zama za Kati kwa aina, akizipa namba za Kirumi kuanzia X hadi XXII kufuata umbo la bapa na mpini. Kwa vipimo ulivyonipa, na kama bapa lako ni pana, linapungua taratibu, na mfereji wake unaishia kama theluthi mbili, wako ni aina ya XII. Aina ya XV ndiyo ile ngumu ya kuchomea. Uking'ang'ania XII iwe ngumu kama XV unadai kitu ambacho hakikuwapo.

Mpini. Watu wenye viganja vikubwa wote hulalamika, na panga za kale zaidi, za zama za Waviking na Wanormandi, hubana hata kuliko huu wako. Tatizo liko kwenye mshiko. Unaukamata kama nyundo, vidole vyote vinne sambamba, kwa hiyo kifundo kinakugonga kwenye mfupa wa kifundo cha mkono kila unapotaka kunyoosha. Badala yake, nyoosha mkono kama unayesalimiana na mtu, mpini ulale kwa mshazari kutoka shina la kidole cha shahada hadi kisigino cha kiganja. Kidole cha shahada na cha kati ndivyo vinavyobana; vya nyuma vilegee, hata viteleze kidogo juu ya kifundo chenyewe. Utaona gurudumu lile limetengenezwa kwa ajili ya kuingia kiganjani. Kubanwa kati ya kinga na kifundo ndiko kunakoufanya upanga usiteleze. Wewe una bahati: hapo Leeds kuna makumbusho ya Royal Armouries, kuingia bure, na humo ndimo inamohifadhiwa hati ya kale kuliko zote zinazojulikana za kufundisha upanga Ulaya, ya mwanzoni mwa karne ya 14, yenye picha za padri na mwanafunzi wake wakipigana kwa upanga na ngao ndogo ya mkononi. Nenda pia ukatazame mipini ya asili vitrini. Pima kwa jicho, utaona wako haukupunjwa.

Kuhusu makali nitasema machache. Kisu cha jikoni kinakata nyanya na kina ubavu mwembamba. Kikigonga mfupa kwa nguvu kinapata pengo. Upanga ulikutana na ngao ya mbao, fulana ya pete za chuma na mifupa, hivyo makali yake yana mgongo wa duara nyuma yake, kama nusu ya mbegu ya tufaha, yanaingia polepole mpaka kufikia ncha yake. Ukiyapitisha karatasi yatakata yakikwaruza kidogo. Yanatosha. Tafadhali usiyapeleke kwenye jiwe la kunolea la umeme: litayachonga ukingo mpya wenye kona, litachoma ubora wa chuma pale ukingoni, na utakuwa umeharibu kwa dakika kumi kazi ya siku kadhaa. Ukitaka kujua yanafanya nini, jaza maji chupa za plastiki, zipange juu ya kigogo nje, pasipo na mtu wala mbwa, na ukate kwa lile eneo uliloweka alama. Chupa ikiruka bila kukatika, mara tisa kwa kumi kosa ni la pembe ya mkono wako. Makali yasipoelekea njia ileile ambayo bapa linasafiria, hata wembe hautakata.

Kutu: chuma hiki kina kaboni, kitashika kutu ukikipa nafasi. Jasho la vidole pekee linatosha. Alama ya dole gumba huonekana kama picha baada ya siku chache. Kila ukimaliza kuushika, upanguse kwa kitambaa kikavu, kisha upake utando mwembamba wa mafuta ya cherehani. Usitumie mafuta ya nazi wala ya kupikia, yanaganda na kunata. Makumbusho hutumia nta maalumu ngumu, nayo ni nzuri ikiwa unautundika tu na huushiki mara kwa mara. Mpini wa mbao uliovalishwa ngozi usiumwagie mafuta. Ngozi italegea na gundi itaachia. Ukinunua ala baadaye, iwe ya kuvaa siku ya maonyesho. Usiuhifadhi humo mwaka mzima, kwani ngozi na mbao hunywa unyevu na tindikali za ngozi hula chuma kimyakimya. Huko kwenu weka mbali na ukuta wa nje unaotoa jasho majira ya baridi. Siku ukiupeleka Tanga, kwa upepo ule wa chumvi, upanguse maradufu.

Sheria ya Uingereza, kwa ufupi: ilizuia mwaka 2008 kuuzwa kwa panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 na zaidi, pamoja na vighairi vyake. Wako umenyooka, haumo. Lakini kutembea nao barabarani bila sababu halali ni kosa. Ukiupeleka kwenye mazoezi, ufungwe ndani ya begi, na uende moja kwa moja.

Limebaki lile la kinga. Kama imezidi upande mmoja kwa milimita moja au mbili, hilo silo kosa. Panga za asili zilifuliwa kwa macho na nyundo, na ukizitazama kwa karibu utakuta mfereji unaotangatanga, kinga zilizoinama na vifundo visivyo katikati. Nakala nyingi za leo zimenyooka kuliko zile zinazoziiga. La kukagua ni kama imekaza. Ndani ya mpini kuna mkia wa bapa, unapita kwenye tundu la kinga, mbao na kifundo, kisha kichwa chake kinapondwa kwa nyundo kama ribiti ili kubana kila kitu. Shika upanga bapa likiwa usawa wa ardhi, upige ubavu wake polepole kwa ngumi, sikio likiwa karibu na kinga. Mlio mmoja unaofifia ni salama. Ukisikia kama sarafu zinazogongana, kuna kitu kimelegea. Rudia baada ya mwezi mmoja wa mazoezi, maana mbao hukauka na kusinyaa ndani ya nyumba yenye joto la mitambo.

Kikilegea, mwandikie aliyeutengeneza na umpelekee video yenye mlio huo. Wahunzi wa hadhi hukaza upya au kubadilisha. Usikiponde kichwa cha mkia wewe mwenyewe, na usimimine gundi kwenye ufa: akiikuta, atakuwa na haki ya kukudai malipo ya kuifungua yote upya.